Shilingi ya Manjano na Mfua Fedha

Sheikhan bin Taib alimjua mtu kwa namna alivyoshika kitu kidogo. Akikupa kipini cha pua ukakipokea kwa ncha za vidole, alikusogezea kigoda uketi. Ukikifumbata kwa kiganja kizima kama mtu anayebeba nazi, alikuacha umesimama mlangoni mpaka uchoke mwenyewe.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha chini huko Kibokoni, Mji wa Kale, ndani ya nyumba ya mawe aliyoachiwa na baba yake. Sakafu ilikuwa chini ya njia kwa daraja mbili, hivi kwamba aliyeketi ndani aliona miguu ya wateja kabla ya nyuso zao. Katikati palikuwa na fuawe, chuma cha kufulia, lililokitwa kwenye gogo la mkoko, kando yake chungu cha makaa na viriba vya ngozi ya mbuzi vya kuvuvia moto, na ukutani nyundo kumi na saba zimepangwa kwa uzito. Mkewe, Mejumaa, alikuwa na ruhusa ya kufagia chumba chote isipokuwa chini ya ukuta ule.

Alifua furungu za miguuni za maarusi, vikuku, vipini, vishikio vya majambia, na vijisanduku vya kutilia hirizi. Mwaka ule wa 1967 alikuwa na miaka hamsini na minane: mfupi, mabega mapana kuliko mwili wake, sikio la kushoto limekwisha kufa kwa mlio wa nyundo. Kazi ilikuwa imepungua. Maarusi walitaka dhahabu kutoka kwa masonara wa Kihindi, au vitu vya Bombay vilivyochovywa rangi ya dhahabu vikang'aa mwezi mmoja. Hakuwachukia masonara, lakini mtu akimwita sonara alimsahihisha pale pale.

"Masonara wako Ndia Kuu," alisema. "Mimi nafua fedha. Baba alifua fedha, na babu alifua fedha."

Kwa watu wa Mji wa Kale maneno hayo hayakuwa na utata. Fedha ni yale madini meupe, na mwenye kuyafua ni mfua fedha. Lakini neno hili lina mwili mmoja na nyuso mbili, kama sarafu yenyewe. Mfaransa naye anayo hali hiyohiyo. Neno lake la madini meupe ndilo analolipia mkate. Mwarabu, aliyetupa neno, hakuchanganya: kwake lilibaki madini, na za mfukoni akazipa majina mengine. Sisi tulilichukua tukalitumia huku na huku. Pwani tulibaki tukisikia nyuso zote mbili. Neno liliposafiri kwenda bara, kwa magari moshi na kwa vitabu vya shule, uso wa madini ulififia njiani. Ukimwambia mtu wa huko fedha, anafikiria mshahara.

Mwisho wa mwaka wa 1966 zilikuja sarafu mpya za Kenya. Zile za zamani, senti tano na senti kumi, zilikuwa na tundu katikati, na wanawake sokoni walizitunga kwenye uzi wakazifunga kiunoni. Mpya hazikuwa na tundu. Zilikuja kwa madini mawili: senti tano na kumi za manjano, sumuni na shilingi nyeupe. Hata asiyejua kusoma alijua kwa rangi tu anachopewa. Polisi nao walikuwa wameambiwa wawe macho, kwa kuwa fedha ikiwa ngeni ndipo walaghai huiiga, kabla watu hawajaizoea.

Mwezi wa tatu, asubuhi moja, miguu iliyosimama mbele ya karakana ilikuwa ya Kache, Mgiriama aliyekuwa akiuza mchicha na bamia Marikiti. Sheikhan alipata kumuungia bangili mara mbili.

"Hodi, fundi."

"Karibu, Kache. Teremka taratibu, daraja la pili limelegea."

"Fundi, mie sijui nimeibiwa ama sikuibiwa. Nitazamie hii."

Alikuwa ameishika kwa ncha za vidole. Sheikhan akamsogezea kigoda.

Ilikuwa shilingi. Kichwa kilikuwapo upande mmoja, ngao na simba upande wa pili, na neno la shilingi limeandikwa wazi. Lakini ilikuwa ya manjano kama senti tano. Tena ilikuwa ndogo kidogo kuliko shilingi nyingine, na herufi za pembeni zimekatwa vichwa, kama maandishi yaliyoandikwa kwenye karatasi isiyotosha. Ukingo wake ulikuwa laini, hauna meno.

Aliipima kwenye mizani, akaisugua juu ya jiwe jeusi, akatazama mstari wa manjano ulioachwa. Kache alimngoja akiwa ameuma upembe wa leso.

"Wote Marikiti waikataa," alisema. "Wasema ni ya uwongo."

"Si ya uwongo hini. Mtu akitaka kudanganya hawezi kudanganya hivi. Angeanza na weupe, maana ndio watu waangaliao kwanza. Hapa muhuri ni wao wenyewe, wa kweli. Kilichokosewa ni kipande. Kipande cha senti tano kimeponyoka huko kwenye kiwanda, kikaingia kwenye mashine ya shilingi, kikagongwa."

"Kwa hiyo ni shilingi ama ni senti tano?"

"Ukiuliza uso, shilingi. Ukiuliza mwili, senti tano."

"Mie nauliza unga, fundi. Yanunua unga?"

Sheikhan akacheka, jambo ambalo halikuwa la kila siku. "Yanunua. Ni halali, ila imezaliwa vibaya. Umeipata wapi?"

"Jana nimeingia maduka matano. Nitajuaje?"

Kabla ya kumrudishia alifanya jambo ambalo fundi yeyote wa aina yake angelifanya. Baba yake alimfunza kwamba kitu kigeni kikipita mkononi, chukua sura yake kabla hakijaondoka, kwa kuwa siku moja mteja atataka ua au ukingo kama ule. Rafuni alikuwa na vipande vingi vya udongo mkavu vyenye alama za namna hiyo: kifungo cha askari wa Kireno kilichookotwa ufukweni, msalaba wa Mgoa, muhuri wa pete ya Mmanga. Akachukua tonge mbili za udongo wa kalibu, akaigandamiza shilingi uso na kisogo, akaitoa, akaipangusa, akampa mwenyewe. Zile tonge akaziweka dirishani zikauke.

Kache alikwenda Mwembe Tayari kumlaki dada yake kwenye mabasi ya bara. Basi likachelewa. Akaingia hoteli, akanywa chai na mkate, akalipa kwa shilingi ya manjano. Mwenye hoteli akaipiga juu ya meza, akaipiga tena, akapaza sauti. Hapo nje alikuwapo koplo wa polisi aitwaye Tom.

"Umeitoa wapi hii?"

"Natoka nayo kwa fundi, Kibokoni," alisema Kache. "Amesema ni halali."

Hakusema uwongo. Alikuwa ametoka nayo huko.

Koplo Tom hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana mrefu kutoka bara, ana miezi mitatu tangu ahamishiwe Mombasa, na kofia yake ilikuwa ikigonga vizingiti vya Mji wa Kale. Alifika na askari wawili saa ambayo watu walikuwa barazani na kahawa. Jirani yake Sheikhan, Athmani, mshona kofia na mtu wa maneno, alikuwa mlangoni na sindano mdomoni.

"Mzee, unafanya kazi gani hapa?"

"Sema upande huu, mwanangu. Sikio lile limelala."

"Nasema kazi yako ni nini!"

"Nafua fedha."

"Unafua?" Koplo aliwatazama wenziwe. "Kwa sabuni gani, mzee? Omo?"

Askari wakacheka. Athmani akaitoa sindano mdomoni ili ashiriki.

"Si kufua nguo, afande. Huku kwetu kufua ni kukigonga kitu kwa nyundo mpaka kiwe. Kuna mwenye kufua chuma, na kuna mwenye kufua fedha."

"Kwa hiyo huyu anagonga fedha kwa nyundo mpaka ziwe."

"Ewaa! Sasa umefahamu."

"Tangu lini?"

"Tangu babu yake! Afande, mji huu hakuna nyumba isiyokuwa na fedha ya mzee huyu. Hata wewe lete mchumba, atakufulia ya kutosha, umvishe mpaka ashindwe kutembea!"

Njia nzima ikaangua kicheko. Koplo Tom hakucheka. Alitoa daftari akaandika, akainama, akashuka daraja mbili. Ndani aliona makaa, mizani, tindikali ndani ya chupa, jiwe lenye mstari wa manjano. Kisha akaona dirishani tonge mbili za udongo, na juu yake, wazi kabisa, uso na kisogo cha shilingi ya Kenya.

Kicheko cha nje kilikatika. Athmani akaanza kusema, "Afande, subiri, hukunifahamu," lakini aliyekuwa akiandika alikuwa amekwisha kufahamu vya kumtosha. Askari walichukua gunia la katani wakaanza kuangusha nyundo ndani yake, moja juu ya nyingine, kubwa na ndogo. Sheikhan, aliyekwisha kutiwa pingu, ndipo aliposema.

"Msizichanganye, tafadhali."

Wakazichanganya.

Mejumaa alikuwa mwanamke asiyejua kusoma ila anajua kuuliza. Siku ya tatu alikwenda kwa mwandishi wa barua aliyekuwa akiketi na mashine yake karibu na mahakama, akalipia senti hamsini ili aelezwe mashtaka. Mwandishi alikuwa amezaliwa Lamu. Alipokwisha kumsomea alivua miwani.

"Bibi, mumeo amefungwa na neno. Kwa koplo aliyeandika, fedha ni pesa. Imeandikwa hapa kwamba mshtakiwa amekiri anatengeneza pesa kwa nyundo, yeye na baba yake na babu yake."

"Basi wakiambiwa siyo, si atatoka?"

"Akisema si kweli, kesi itasikizwa, mashahidi wataitwa, neno litaelezwa. Akisema ni kweli, imekwisha siku hiyohiyo."

Mejumaa akaenda rumande kumwona mumewe. Walizungumza kukiwa na waya kati yao, naye ikambidi apaze sauti kwa ajili ya lile sikio, kwa hiyo kila mfungwa alisikia.

"Siku ya kesi wakikuuliza kama wafua fedha, sema si kweli."

"Si kweli kivipi?"

"Kwao fedha ni pesa, Sheikhan! Wakuuliza kama wachapa pesa."

"Basi na waniulize pesa. Wakiniuliza pesa ntasema siyo."

"Hawatauliza hivyo. Sema wewe ni sonara. Hilo walijua wote."

"Sonara!"

"Sema sonara, baba, urudi nyumbani."

Ndevu zake zilikuwa zimeota bila mpango. "Wanitaka nisimame mahali pa kuapa," alisema, "niikane kazi ya mikono hini, mbele ya Mungu na mbele ya Mzungu?"

"Mungu ajua Kimvita," alisema Mejumaa. "Mzungu hajui."

Hakujibu. Mejumaa aliondoka akidhani kwamba amekubali, maana katika miaka thelathini ya ndoa kimya chake kilikuwa ndiyo.

Hakimu alikuwa Mzungu mzee mwenye kikohozi. Mkalimani alikuwa msichana aitwaye Jacinta, aliyesomea kwa watawa huko bara, Kiswahili chake safi, kila kitenzi kimekaa mahali pake. Watu walimlaumu sana baadaye, na sidhani walimtendea haki. Alikuwa amesoma maelezo ya polisi tangu asubuhi. Aliona mbele yake mzee kiziwi upande mmoja, mwenye hofu, akafikiri itakuwa huruma kumsomea mashtaka kwa maneno yake mwenyewe badala ya yale mazito ya sheria.

"Mzee, unashtakiwa kwamba mwezi wa tatu mwaka huu, nyumbani kwako Kibokoni, ulifua fedha. Je, ni kweli au si kweli?"

Mejumaa alikuwa kwenye benchi la tatu. Alimwona mumewe akifungua mdomo, akaufunga. Hakutakiwa kuapa, kwa kuwa anayesomewa mashtaka huulizwa hivihivi. Lakini yeye alikuwa ameambiwa na babake kwamba penye kadhi, penye hakimu, penye yeyote mwenye kuandika, maneno yote ni kiapo. Akauinua mkono wake wa kulia, ule wenye sugu ya nyundo, akautazama.

"Ni kweli," akasema. "Wallahi ni kweli."

Jacinta akageuka kwa hakimu. Hakimu akaandika, akauliza kama mshtakiwa ana la kujitetea kabla ya hukumu.

"Ninalo," alisema Sheikhan. "Mwambie, fedha yangu haina kasoro tangu nianze kazi. Yenye kasoro ni hiyo yao."

Jacinta alisita. Ndipo kwa mara ya kwanza alipohisi kwamba kuna kitu kinampita. Lakini hakimu alikuwa akimngoja, na mkalimani kazi yake si kuhisi. Akatafsiri alivyosikia: mshtakiwa anasema fedha anazotengeneza yeye ni bora kuliko za serikali. Watu wachache waliojua Kiingereza wakaguna. Hakimu akaiweka kalamu chini, akamtazama yule mzee kwa muda, kisha akampa miaka mitatu na kazi ngumu, na vifaa vyake vyote vichukuliwe na kuharibiwa.

"Siyo hivyo!" Mejumaa alisimama. "Siyo hivyo alivyosema! Muulizeni tena!"

Askari akamshika bega, akamtoa nje, na kesi nyingine ikaitwa.

Athmani hakuketi tena kwenye baraza ile. Kofia zake alizishonea ndani, mlango umefungwa, na aliyemtania alijibiwa kwa matusi. Kache, aliyekamatwa pale hotelini, alikuwa ameachiliwa baada ya siku nne. Alikuja Kibokoni na fungu la mchicha, akaliweka chini, akakaa sakafuni.

"Nimekuuzia mume, mama. Kwa mkate na chai."

"Usiseme hivyo. Niambie maduka matano."

"Nimeyasahau mawili."

"Niambie matatu."

Mejumaa alikuwa amefikiri jambo ambalo wakili yeyote angelifikiri kama wangekuwa na wakili. Ikiwa shilingi ile ilitoka kiwandani, basi ilipita benki, na ikiwa ilipita benki, ilifika dukani. Mwenye duka akisimama na kusema, imetoka kwangu, imo ndani ya bunda nililopewa benki, mlango wa gereza utafunguka. Akaanza kuingia duka kwa duka. La tatu lilikuwa la Adamji, Mhindi wa Kibohora aliyeuza misumari, kamba, kufuli na sufuria karibu na Marikiti. Amezaliwa Mombasa, na baba yake pia.

"Bwana Adamji, mwezi wa tatu ulimpa chenji Kache wa mchicha. Hukuiona shilingi ya manjano?"

"Sikuiona, dada."

"Hata moja?"

"Dada, shilingi ya manjano mimi ningeikubali benki wanipe? Mimi mtoto mdogo?" Alicheka, akajipangusa jasho. Nyuma yake mkewe, Amtulla, alikuwa akipanga kufuli ndani ya sanduku. Aliinua uso, akauinamisha tena upesi.

Mejumaa aliliona hilo. Lakini mtu hushtaki kwa ushahidi, si kwa uso ulioinama. Akatoka akaendelea na maduka mengine, mwezi wa tano, wa sita, wa saba.

Sheikhan alipelekwa kuvunja mawe. Aliyezoea nyundo ya wakia tatu alipewa ya ratili kumi na mbili. Mwezi wa nane mfungwa mwenzake alipokuwa akikiviringisha kipande cha mwamba, kiliteleza, kikaukandamiza mkono wa kulia wa Sheikhan juu ya kipande kingine. Kidole gumba na viwili vilivyofuata vilisagika. Walimfunga vitambaa. Havikuunga vizuri. Mejumaa alipokwenda kumtembelea aliuficha mkono mgongoni, akasema ana chawa, asimkaribie.

Mwezi wa kumi na moja Amtulla alikuja Kibokoni peke yake, amejifunika rida yake ya kijani, akabisha mlango wa nyuma.

"Dada, zilikuwa mbili," alisema kabla hajaketi. "Ndani ya bunda moja la benki, karatasi yake haijafunguliwa. Moja ilikwenda kwa yule mama. Ya pili mume wangu aliiona jioni, akaificha."

"Miezi minane, Amtulla."

"Karatasi zake za uraia bado hazijatoka. Wakituambia tuondoke, tutakwenda wapi? India sijawahi hata kuiona. Alisema polisi wakiingia dukani kwa habari ya pesa bandia, jina letu litatiwa msalaba. Kila usiku nasema naye. Kila asubuhi anasema, kesho."

"Nipe hiyo shilingi."

"Ukienda nayo wewe watakufunga na wewe."

Hilo lilikuwa kweli, na Mejumaa alilijua. Akavaa buibui lake, wakaenda wote wawili mpaka dukani mchana kweupe, mbele ya wateja.

"Bwana Adamji," alisema Mejumaa, "mimi sikukujia kukutukana. Mume wangu alisema kweli akafungwa. Wewe njoo useme kweli utembee."

Mteja mmoja aliyekuwa akipima kamba aliiacha ikining'inia. Adamji alimtazama mkewe kama mtu aliyesukumwa ngazini na nduguye. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa kanzu nyeupe na kofia yake ya ibada, shilingi ya manjano ikiwa ndani ya karatasi ya benki.

"Likifungwa duka hili," alimwambia Amtulla, "wewe utauza nini?"

"Kufuli," alisema Amtulla. "Twende."

Adamji hakufungwa. Wakili alipatikana, benki ikaandika, shilingi zote mbili zikapelekwa ng'ambo zikapimwe, na majibu yakachukua miezi mitano kurudi. Yalikuwa mistari sita. Sarafu ni halisi, zimegongwa kwa bahati mbaya juu ya vipande vya senti tano. Kosa la kiwandani. Sheikhan aliachiliwa mwezi wa sita mwaka wa 1968. Hakuna aliyemwomba radhi. Alipewa suruali yake, kanzu yake, na nauli ya basi.

Mji wa Kale ulimpokea kwa maulidi na sinia tatu za pilau. Athmani alisimama mbali, mpaka Sheikhan mwenyewe akamwita.

"Njoo kula, mwenye kufasiri!"

Athmani akalia kama mtoto huku watu wakicheka, akala. Ndipo watu walipouona mkono, maana alilazimika kula kwa tonge, na tonge zilimwanguka.

Nyundo zake zilikuwa zimekwisha kuyeyushwa kwa amri ya mahakama. Adamji alileta nyingine kumi na mbili, mpya, bado zina mafuta ya dukani, akaziweka mlangoni akaondoka bila kubisha. Sheikhan alizitundika. Kwa wiki nyingi sauti ya kugonga ilisikika kutoka chini, lakini haikuwa ile ya zamani iliyokwenda kwa mwendo mmoja. Ilianza, ikakatika, ikaanza.

Mwezi wa Rajabu alikuja Nana binti Muhdhar, mwanamke wa makamo wa mtaa wa pili, na reale za kale kumi na mbili, sarafu za fedha tupu, ndani ya kitambaa. Binti yake alikuwa aolewe mwezi wa Shaaban.

"Nataka furungu kama zangu ulizonifulia. Sitaki za Bombay."

"Niachie," alisema Sheikhan.

Aliziyeyusha zote siku ileile. Kazi ya moto haihitaji kidole gumba. Kilichofuata ndicho kilichomshinda: nyundo ilipinda mkononi, tupa ikateleza, na pale palipotakiwa uzi mwembamba wa fedha usokotwe kwa vidole vitatu, vidole havikutii. Alijaribu mkono wa kushoto. Aliivunja kazi mara mbili akaiyeyusha upya. Mejumaa alikaa juu ya ngazi akimsikiliza, hakushuka.

Siku ya kumi Nana alirudi. Sheikhan alikuwa amefunga bonge moja la fedha ndani ya kitambaa chake kilekile. Akaliweka kwenye mizani mbele ya macho yake.

"Uzito ni uleule. Tazama mwenyewe."

"Na furungu?"

"Nenda Ndia Kuu."

"Kwa masonara?" Nana alidhani anamtania. "Wewe Sheikhan, wewe, ndiwe wanituma kwa masonara?"

"Wana mikono mizima, bibi."

Nana akalifunga bonge ndani ya kitambaa chake. Kisha akaaga, akatoka. Mejumaa alishuka na kopo la maji, akayamwagia makaa, kwa sababu yalikuwa yakiungua bure.